Kutabiri mvua kubwa ya radi na maji ya ghafla ya korongo katika vilima vya Dodoma

Kwa mwaka wa kawaida Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Takwimu hiyo huwafanya wengi wachukulie mafuriko kuwa mambo ya Kilosa na Rufiji. Korongo halina habari na jumla ya mwaka. Linajibu milimita zilizoanguka ndani ya saa moja, kipande cha mlima zilikoangukia, na jinsi ardhi ya pale ilivyokuwa kabla ya tone la kwanza. Milimita 60 zikinyesha polepole kutwa nzima Kongwa, mkulima wa mtama anashukuru. Zikishuka zote kwa dakika 50 juu ya safu ya Kiboriani, huku bondeni Mpwapwa zinafika na magogo na mawe.

Mwongozo huu ni wa watu wenye jukumu la kusema "tusivuke" au "ondokeni": mtendaji wa kijiji, mjumbe wa kamati ya maafa, msimamizi wa kambi ya ujenzi, mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake huvuka korongo kurudi nyumbani, dereva wa basi la Kondoa. Hauchukui nafasi ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kwa sheria ya Mamlaka hiyo, Na. 2 ya mwaka 2019, kuutangazia umma tahadhari ya hali mbaya ya hewa ni kazi ya TMA. Kazi yako ni kuichukua tahadhari iliyotolewa kwa mkoa mzima na kuishusha hadi kwenye korongo lako moja, kwa saa zako.

Pima korongo kabla ya msimu

Kazi hii inaanza Oktoba, makorongo yakiwa makavu na njia zikiwa zinapitika. Chukua ramani ya 1:50,000, au picha ya setilaiti yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, utie alama pale unapopahofia: drifti (kivuko cha barabara kinachopita kwenye sakafu ya mkondo), kalavati, nyumba za chini, shimo la mchanga. Kutoka kwenye alama hiyo panda kwa kalamu ukifuata migongo ya vilima pande zote mbili mpaka mistari ikutane juu. Eneo ulilozungushia ndilo kidakio. Tone lolote linaloanguka humo na kukosa pa kuzama litapita kwenye alama yako. Andika ukubwa wake kwa kilomita za mraba, urefu wa mkondo mrefu kuliko yote, na tofauti ya mwinuko kati ya juu kabisa na alama.

Sasa unaweza kupata muda wa maji kufika. Kanuni ya Kirpich ya mwaka 1940 bado inatumika sana kwa vidakio vidogo: dakika = 0.0195 × L^0.77 ÷ S^0.385. L ni urefu wa mkondo kwa mita, na S ni mteremko, yaani tofauti ya mwinuko ukiigawa kwa urefu huo. Korongo la mita 4,000 linaloshuka mita 200 lina S ya 0.05, na jibu ni dakika 37 hivi. Kirpich alitumia vipimo vya mashamba madogo ya Tennessee, Marekani. Kwenye mlima wenye mawe matupu mengi, kama vilima vinavyouzunguka mji wa Dodoma, maji hukimbia zaidi, kwa hiyo punguza theluthi na upange kwa dakika 25.

Namba hiyo moja ndiyo inayoongoza mambo mengine yote. Inakuambia kwamba mvua ya kuogopa kwenye korongo hili ni ile inayokaza kwa nusu saa hadi saa moja. Inakuambia pia kwamba ukingoje kuyaona maji ndipo upige simu, huna muda tena.

Baada ya muda, kadiria wingi: Q = C × i × A ÷ 3.6. Hapo i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni kidakio kwa kilomita za mraba, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama. Kwa kidakio cha kilomita za mraba 6, mvua ya milimita 50 kwa saa na C ya 0.5, unapata karibu mita za ujazo 42 kwa sekunde. Hizo ni tani 42 za maji kila sekunde. Kalavati la bomba moja la kipenyo cha milimita 900 hupitisha mita ya ujazo moja na kidogo. Maji yaliyobaki yatapanda juu ya barabara au yatachimba pembeni yake, na ukishaiona hesabu hiyo hutaamini tena kwamba bomba litatosha. Kadiri kidakio kinavyokuwa kikubwa ndivyo kanuni hii inavyozidisha, kwa sababu mvua ya radi haifuniki eneo lote kwa pamoja. Itumie kujua ukubwa wa hatari. Mchoro wa daraja ni kazi ya mhandisi.

Kwa C, mwamba mtupu wa itale weka 0.8 au 0.9. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo hadi ikagandamana, 0.5 hadi 0.6. Miombo yenye nyasi na majani yaliyooza chini, 0.1 hadi 0.3.

Ardhi kavu hainywi

Wengi hapa hudhani mvua ya kwanza haina hatari kwa sababu ardhi ina kiu. Kwa udongo wetu ni kinyume. Kufikia Novemba mifugo imemaliza nyasi, mashamba yako wazi, na maeneo mengi yamechomwa moto. Matone makubwa ya mvua ya radi yanapiga udongo mtupu, chembe laini zinapasuka na kuziba matundu, na baada ya dakika chache juu panakuwa na utando mgumu. Chimba kwa kisu baada ya mvua kali ya Desemba: sentimita 3 za juu zimelowa, chini vumbi. Maji yote mengine yameshateremka. Ndiyo maana mvua mbili tatu za mwanzo wa msimu huleta maji ya korongo makali kuliko mvua ya ukubwa huohuo mwezi Machi, nyasi zikiwa zimefika magotini.

Hatari ya pili inakuja baadaye, Februari hadi Aprili, na ni ya aina nyingine. Siku za mvua zikifuatana, udongo wa mbuga mweusi unashiba na nyufa zake kufunga, udongo mwembamba wa juu ya mwamba unajaa, na mvua ya wastani tu inatosha. Kuifuatilia, weka hesabu ya unyevu uliobaki: kila asubuhi zidisha namba ya jana kwa 0.85, kisha ongeza mvua iliyopimwa. Ikinyesha milimita 20 siku ya kwanza, sifuri ya pili na 30 ya tatu, namba inakwenda 20, 17, kisha 44. Ikivuka 60, punguza viwango vyako vyote vya kuchukua hatua kwa robo. Hiyo 60 ni ya kuanzia tu. Korongo lako lenyewe litakufundisha namba yake baada ya misimu miwili ya kuandika.

Kidakio pia hubadilika mwaka hadi mwaka. Kondoa ni shule nzuri: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka vibaya ili uoto urudi. Uoto ukirudi, C inashuka. Mlima ukikatwa mkaa au ukipimwa viwanja, inapanda, na korongo lililokuwa pole miaka kumi iliyopita linaanza kubeba matofali. Mtaa mpya ukijengwa juu yako, rudia hesabu.

Asubuhi: soma hewa

Anza na TMA. Angalia utabiri wa saa 24 na taarifa ya tahadhari ya siku tano, ambayo hutumia rangi: njano kwa angalizo, rangi ya chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Soma maneno yaliyo chini ya ramani pia, hasa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Njano yenye uwezekano mkubwa na njano yenye uwezekano mdogo ila athari kubwa zinahitaji maandalizi tofauti. Kumbuka pia kwamba kipimo cha kawaida cha mvua kubwa ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Siku isiyo na rangi yoyote bado inaweza kukuletea milimita 35 kwa nusu saa juu ya kilima kimoja.

Baada ya hapo tafuta mambo ya hewa yenyewe. Mvua ya radi inahitaji unyevu, hewa inayopenda kupanda, na kitu cha kuisukuma ianze kupanda. Kwenye vilima vyetu hilo la tatu lipo karibu kila siku ya msimu: jua linapasha miteremko, hewa inapanda kutoka mabondeni. Vinavyotofautisha siku ya radi ya kawaida na siku ya mafuriko ni vitu viwili, navyo unaweza kuvikadiria mwenyewe.

Cha kwanza ni unene wa sehemu ya wingu yenye halijoto inayozidi nyuzi sifuri, yaani kuanzia tako la wingu hadi pale hewa inapofikia nyuzi sifuri. Matone yanayokua katika sehemu hiyo yenye joto huungana haraka, na wingu linashusha maji mengi kuliko lile ambalo sehemu yake kubwa ni barafu. Tafuta halijoto na halijoto ya umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa matone. Programu nyingi za hali ya hewa huionyesha. Toa moja kwa nyingine, zidisha kwa 125, upate urefu wa tako la wingu kwa mita kutoka ardhini. Ongeza mwinuko wa mahali. Dodoma mjini ni mita 1,120 hivi. Katika msimu wa mvua mstari wa sifuri, yaani mwinuko ambapo hewa hufikia nyuzi sifuri, kwetu hukaa karibu mita 4,800 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari.

Chukua siku yenye nyuzi 29 na umande nyuzi 18. Tofauti ni 11, tako liko mita 1,375 kutoka ardhini, kama mita 2,500 juu ya bahari, na sehemu ya joto ni mita 2,400 hivi. Siku kama hiyo huleta upepo mkali, vumbi, pengine mvua ya mawe, na sehemu ya maji inakauka njiani kabla ya kufika chini. Siku yenye nyuzi 25 na umande 20, tako liko mita 625 tu, na sehemu ya joto inazidi mita 3,000. Hiyo ndiyo siku ya kukaa macho, ingawa watu wataiona ni siku ya baridi, ya mawingu mazito yaliyokalia vilele, isiyotisha. Tako la wingu likiwa limemeza kilele cha kilima saa 6 mchana, lipe uzito kuliko radi za mbali.

Cha pili ni mwendo wa wingu. Mvua ya milimita 80 kwa saa inayopita juu yako kwa dakika 10 inaacha milimita 13. Ikisimama saa nzima, inaacha 80. Kwenye programu kama Windy fungua upepo wa usawa wa hPa 700, kama mita 3,000 juu ya bahari, kisha hPa 500, karibu mita 5,800. Wastani wa hizo mbili ukiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, mawingu hayatembei. Kuna hali mbaya zaidi: upepo wa juu unasukuma wingu upande mmoja huku upepo wa chini wenye unyevu ukitoka upande wa pili na kugonga mteremko uleule. Hapo kila wingu likisogea, jingine linazaliwa nyuma yake mahali palepale, na kidakio kimoja kinapokea mvua ya mawingu manne mfululizo. Radi zinasikika zikielekea Bahi, lakini mlima ulio juu yako haujapumzika.

Angalia pia upepo wa chini unatoka wapi. Siku nyingi tunapata upepo wa mashariki, na milima ya Rubeho na Ukaguru inachukua unyevu wake upande wa Morogoro. Sisi tuko kivulini. Upepo ukigeuka kuwa wa magharibi, ukileta hewa yenye unyevu kutoka Kongo, mambo yanapinduka: miteremko ya magharibi ya Kiboriani na ya vilima vya Kondoa, ambayo kwa kawaida hukauka, ndiyo inayopokea. Kimbunga katika Rasi ya Msumbiji kinaweza kuvuta upepo huo siku kadhaa, na kikikaa vibaya kinaweza pia kutunyang'anya unyevu. Usihukumu kwa jina la kimbunga, fungua ramani ya upepo uone mishale ya Tabora na Singida inaelekea wapi.

Kuhusu modeli za kompyuta, zitumie kwa kile zinachokiweza. Modeli ya Ulaya, ECMWF, hugawa dunia katika vipande vya kilomita 9 hivi kila upande, kama kilomita za mraba 81. Kidakio chetu cha kilomita 6 za mraba kinaingia humo zaidi ya mara 13. Modeli za ukubwa huo haziumbi wingu moja moja, zinalikadiria, na makadirio hayo yana kasoro zinazojulikana: huanzisha mvua mapema, mara nyingi karibu na mchana kati, wakati kwetu radi kali hukomaa kuanzia saa 9 alasiri hadi usiku, na hutandaza mvua kidogo eneo kubwa badala ya nyingi mahali padogo. Ukiona milimita 12 kwa saa tatu kwenye ramani, tafsiri yake ya busara ni kwamba mahali fulani humo patapata 40 na pengine hapatapata kitu. Usiseme "modeli inaonyesha 12, tuko salama". Pale panapoonyeshwa matokeo ya mafungu ya ECMWF, ambapo kompyuta huendeshwa mara 50 kwa kubadili kidogo hali ya mwanzo, acha wastani na utazame matokeo ya juu. Kumi kati ya hamsini yakionyesha mvua nzito, siku hiyo panga watu wako. Na kumbuka ramani nyingi zimeandikwa kwa saa za dunia, UTC: ongeza tatu. 12 UTC ni saa 9 alasiri yetu.

Mchana: jicho na setilaiti

Mawingu ya asubuhi yenye vichwa vinavyochipua kabla ya saa 5 yanaonyesha hewa iko tayari mapema. Minara inayopanda wima bila kuinama ni dalili ya upepo dhaifu wa juu, kwa hiyo ni mawingu yatakayokaa. Minara iliyoinama sana huondoka, ingawa huleta upepo wa kuezua mabati.

Baada ya wingu la kwanza kumwaga, hewa ya baridi iliyoshuka nayo inatambaa chini na kusukuma hewa ya joto mbele yake. Unaijua: upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo, na vumbi likitangulia. Ifuate kwa macho. Ikifika kwenye ukingo wa vilima na kukwama, mawingu mapya yatazaliwa hapohapo dakika 20 hadi 40 baadaye, hata kama anga juu ya vilima hivyo lilikuwa jeupe. Ikikutana na upepo kama huo kutoka wingu jingine, mahali pa makutano ndipo pa kutazama kwanza.

Picha za setilaiti za Meteosat zinapatikana bure mtandaoni kwenye EUMETView. Fungua ya infraredi, ile inayopima joto la vilele vya mawingu, kwa sababu inaonyesha usiku na mchana. Linganisha picha ya sasa na ya nusu saa iliyopita: kilele kinachozidi kuwa cha baridi huku ukingo wake wa upande wa upepo ukiganda palepale ni wingu linalojijenga upya. Wingu ambalo kilele chake kinapanuka lakini kinapata joto linakufa, ingawa mvua nyepesi itaendelea.

Kuna mtego ambao karibu kila anayeanza anauingia. Setilaiti ya Meteosat-12 iko juu ya longitudo sifuri, magharibi kabisa mwa Afrika kwa mtazamo wetu, na inatutazama kwa mshazari wa nyuzi 42 hivi. Kilele cha wingu chenye urefu wa kilomita 14 kinaonekana kimesogea mashariki kama kilomita 12 kutoka mahali lilipo kweli. Wingu linaloonekana limekaa juu ya Kiboriani linaweza kuwa linamwaga bondeni magharibi yake, na lile linaloonekana limekwishakupita kidakio chako kuelekea mashariki huenda ndiyo kwanza liko juu yake. Kabla ya kuamua, lisogeze wingu refu kilomita 12 kuelekea magharibi kwa akili yako. Au tumia picha ya Meteosat-9 iliyo juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 45.5 mashariki: hiyo hukosea kilomita 3 hivi tu, na upande wa magharibi. Ubaya wake ni kwamba hupiga picha kila dakika 15, wakati Meteosat-12 hupiga kila 10.

Kipima mvua cha juu ya mlima

Hakuna picha inayozidi mtu mwenye kipimo kule juu. Hakikisha una watu wawili au watatu wanaoishi ndani ya kidakio, wenye simu na chombo cha kupimia. Kipima mvua cha kituo ni bora, lakini kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, mdomo na tako sawa, linafaa; ndoo ya kawaida iliyopanuka juu itakudanganya. Liweke wazi, mbali na mti au ukuta kwa angalau mara mbili ya urefu wake, mdomo ukiwa juu ya ardhi kiasi cha kutorushiwa matone, na pima kina cha maji kwa rula. Milimita moja ya kina ni lita moja kwa mita ya mraba.

Kipimo cha saa 3 asubuhi kinafaa kwa daftari la unyevu. Wakati wa radi unahitaji cha kila dakika 10. Mweleze mtu wako wa juu jambo moja tu: "Mvua ikikaza, weka kopo tupu, subiri dakika 10, nitumie namba." Milimita 10 kwa dakika 10 ni ukali wa 60 kwa saa. Hesabu iliyobaki ni yako. Asitoke radi zikiwa karibu: akihesabu sekunde chache kuliko 30 kati ya mwanga na ngurumo, yaani kilomita 10, abaki ndani, na kopo liwe pale anapoweza kulisoma kutoka dirishani au barazani.

Kwa korongo dogo la mawe, la dakika 25 hadi 40, viwango vya kuanzia vinaweza kuwa hivi. Milimita 10 ndani ya dakika 10, wajulishe watu wa chini wakae macho na wachimba mchanga watoke. Milimita 20 ndani ya dakika 20, funga drifti. Milimita 30 ndani ya nusu saa na mvua haijapungua, ondoa watu kwenye nyumba za kingoni bila kungoja uthibitisho. Korongo kubwa, la saa mbili au tatu, halitingishwi na dakika 10. Hilo linataka jumla ya saa moja hadi tatu kutoka vipimo zaidi ya kimoja. Nguzo ya mbao iliyopakwa alama kila sentimita 10 kwenye mkondo wa juu hukuongezea uhakika.

Ujumbe uwe mfupi na uwe na kitendo: "Mvua kali mlimani tangu saa 10:20. Maji yatafika drifti kabla ya saa 11. Msivuke." Usitegemee njia moja. Mnara wa simu huzimika radi ikipiga, kwa hiyo kubalianeni mapema juu ya kengele ya shule, kipaza sauti cha msikiti au kanisa, au kijana wa bodaboda anayejua nyumba zipi aanze nazo, na njia yake isivuke korongo.

Yanayoharibu mipango

Anga jeupe juu ya drifti ndilo linaloua. Watu wanatazama juu, wanaona nyota, wanavuka, wakati mvua imenyesha kilomita 15 mbali. Maji ya mito yetu ya mchanga hayapandi taratibu; hufika kama ukuta mfupi wa povu, vijiti na tope, na kina hutoka sifuri hadi kiunoni kwa dakika chache. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinainua gari dogo, 60 zinabeba magari mengi. Chini ya maji hayo, mchanga wa jana huenda haupo tena: drifti iliyokuwa ngumu ina shimo, na dereva mzoefu wa njia ndiye anayenaswa kwa sababu anaamini anaijua.

Maji yakipungua ghafla huku mvua inaendelea juu, kimbia. Mara nyingi magogo na matawi yameziba mahali, maji yanajikusanya nyuma yake, na yataachiwa yote kwa pamoja. Kalavati lililozibwa linafanya kazi hiyohiyo ya bwawa. Lisafishe Novemba, na tena baada ya kila maji makubwa.

Mchanga unaoshuka milimani huinua sakafu ya mto mwaka hadi mwaka, kwa hiyo alama ya usalama ya zamani haibaki salama. Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa imeumizwa hivyo mara nyingi: makorongo ya pembeni hutapika mchanga ndani ya Kinyasungwe, mto unakosa nafasi, unahamia kwenye tuta la reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata reli hiyo vibaya.

Kuna pia mlima wenyewe kushuka. Alfajiri ya 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na miti vikaufikia mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hiyo haipimwi kwa kanuni ya Q. Dalili za kutazama kwenye mteremko mkali ni nyufa mpya zinazofuata kontua, miti iliyoinama ghafla, chemchemi inayotokea pasipokuwa na chemchemi, maji ya korongo kubadilika kuwa tope zito bila mvua kuongezeka, na mngurumo wa chini usiokoma kama wa radi. Ukiona mojawapo baada ya siku za mvua, usikimbie kufuata korongo kwenda chini. Panda pembeni, kwenye mgongo wa kilima.

Usiku ndio saa mbaya kuliko zote. Radi za jioni huendelea hadi saa 5 au 6 usiku, simu zimezimwa, wachimba mchanga wamelala kwenye vibanda vya kingoni. Kama hesabu ya asubuhi ilionyesha tako la chini na upepo dhaifu, uamuzi wa kuwahamisha ufanywe saa 12 jioni, wakati bado mwanga upo, hata kama hakuna tone lililoanguka. Utakosea baadhi ya siku, na watu watanung'unika. Waeleze mapema, kwenye mkutano wa kijiji wa Novemba, kwamba kati ya mara tatu za kuhama huenda moja tu maji yatafika, ili mara ya tatu wasigome.

Asubuhi baada ya maji, kabla alama hazijafutika, nenda na futi kamba. Pima mstari wa takataka ulionata kwenye miti na kuta, andika saa ya maji kufika kwa mujibu wa watu watatu tofauti, kusanya namba za makopo ya juu, na weka kando viwango ulivyotumia usiku huo. Kama mlifunga drifti kwa milimita 20 na maji yalifika kifundoni tu, kiwango hicho ni cha chini kwa hali ile ya ardhi. Kama maji yalitangulia simu, kishushe hadi 15 na utafute mpimaji mwingine aliye juu zaidi kwenye kidakio.